Kuhifadhi si kusoma: niliyowaambia wazazi wa nasari Bombo, Uganda

Asalaam aleikum. Na ndugu zetu Wakristo, habari za asubuhi, karibuni sana. Mashehe wetu, mwenyekiti wa mtaa, walimu wenzangu, na akina mama mliokuja na vikapu ambavyo havijaisha: sukeni tu, msione haya. Mimi nimezaliwa hapahapa Bombo, na sijawahi kumwona mwanamke wa hapa anayesikiliza vizuri mikono ikiwa mitupu.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo linanifuata kila niendako tangu nistaafu: mtoto wa nasari yuko tayari kusoma? Juzi lilinikuta stendi. Kijana wa boda aliyenibeba, kabla sijamaliza kumhesabia pesa zake, akaniuliza: "Mwalimu, mwanangu ana miaka mitatu na nusu, yuko bebi klasi. Mpaka leo hajui kusoma hata neno moja. Wa jirani, umri huohuo, anasoma kitabu kizima. Nimhamishe shule?" Nikamwambia aje leo. Naona amekuja, amekaa pale mlangoni ili aione pikipiki yake. Baba, nitafika kwako, lakini nitazunguka kidogo.

Nianzie nyumbani kwangu. Likizo iliyopita mjukuu wangu wa miaka minne, yuko mido klasi Kampala, alikuja na kitabu cha Kiingereza. Kurasa nane, picha za wanyama. Mama yake, ambaye ni binti yangu wa kumzaa, akaniambia, "Mama, huyu anasoma, msikilize." Akasoma kweli. Ng'ombe, mbuzi, bata, sauti kali kama ya mwalimu wake, kidole kikitembea chini ya maneno. Watu sebuleni wakapiga makofi. Sasa mimi nina ugonjwa wa kazi. Nikakichukua kile kitabu taratibu, nikakigeuza miguu juu, nikamrudishia. Akaendelea. Kidole kilitembea vilevile, ng'ombe akapita, mbuzi akapita, bata akapita, hakukosea hata neno. Binti yangu hakunisemesha mpaka chakula cha usiku.

Sisi wa mji huu hatuna sababu ya kudanganyika na jambo kama hilo, kwa sababu tumelelewa madrasa. Madrasa kuna maneno mawili na hakuna ustadhi anayeyachanganya. Mtoto wa miaka minne anakutolea Alhamdu yote kwa ghibu, mwanzo mwisho, na ustadhi anasema: amehifadhi, mashaallah. Hatoki hapo kwenda kuwatangazia watu kwamba mtoto anajua kusoma Kiarabu. Siku ya kusoma ni nyingine. Ni siku anapokalishwa na alifu na be na te, akaambiwa alama ya fatha inafanya nini hapa juu na ya kasra inafanya nini hapa chini, akaanza kuunganisha mwenyewe huku jasho likimtoka. Mtu anaweza kuwa na juzuu nzima kifuani na bado hajui alifu kwa kijiti, na hakuna anayemcheka, maana kila mtu anajua yuko hatua gani.

Kuhifadhi ni kazi njema, siidharau hata kidogo. Ninachokataa ni kulipia kuhifadhi kwa bei ya kusoma.

Mfano mwingine, huu wa kazini. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na mvulana wa topu klasi, darasa la mwisho la nasari, katika shule moja si mbali na hapa. Nikaandika ubaoni b, a, b, a. Nikamwuliza, neno gani hili? Akavuta pumzi, akasema kwa nguvu: "Bii, ei, bii, ei!" Vizuri sana. Ukiyaweka pamoja? "Bii-ei-bii-ei." Haraka haraka? "Biieibiiei!" Na baba yake alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kumchukua. Yule mtoto aliyajua majina ya herufi zote 26, aliyaimba kila asubuhi, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba herufi ina jina na ina sauti, na kwamba mtu anayesoma anahitaji sauti. Nikafuta ubao. Nikaandika silabi moja, nikamwambia, hii tunaisema "ba". Nikaandika nyingine pembeni. Hii je? "Ba." Zote mbili? Akanyamaza. Midomo ikawa inacheza bila kutoa kitu. Halafu akageuka mlangoni akaanza kucheka, akamwonyesha baba yake kwa kidole. Neno lenyewe hakulitamka. Alionyesha tu.

Alikuwa na miaka mitano na miezi, na somo lile halikufika dakika tano.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mtoto wa nasari yuko tayari kusoma, mimi humrudishia: kusoma nini, kwa lugha gani, na huo utayari unaupimia wapi? Sikioni, mdomoni au mkononi? Maana hivi vitu havikomai siku moja.

Tuanze na mkono, kwa sababu ndio unaoteswa zaidi. Nimeingia bebi klasi nikakuta watoto wa miaka mitatu wamepewa ukurasa mzima waandike herufi a. Kuna mmoja aliyekuwa ameshika penseli kwa ngumi kama anayeshika mchi. Mstari wa kwanza a zake zilifanana na mayai. Mstari wa tano zilikuwa kamba. Mstari wa saba palikuwa na mate, maana mwenyewe alikuwa amelala juu ya daftari. Alikuwa ametolewa kitandani saa kumi na moja alfajiri ili aliwahi gari la shule. Na jioni mama yake atalifungua lile daftari, ataona mistari mitatu mitupu, na kesho yake mwalimu ataulizwa.

Kifundo cha mkono wa mtu mzima kina mifupa midogo minane. Mtoto anapozaliwa, hata mmoja kati ya hiyo haujawa mfupa. Yote ni gegedu, kitu laini kama cha ndani ya sikio hili. Inageuka kuwa mfupa mmoja mmoja, pole pole, na wa mwisho unangoja mpaka mtoto yuko madarasa ya juu ya praimari. Ukipiga picha ya eksirei ya mkono wa mtoto wa miaka mitatu utaona nafasi nyeusi mahali ambapo mifupa itakuja kukaa. Madaktari huitumia picha hiyohiyo kukadiria umri wa mtoto. Sasa huo ndio mkono tunaoudai mstari mnyoofu. Kazi ya mkono wa umri ule ni kukanda unga, kutunga shanga, kufungua na kufunga mifuniko, kuchambua mchele pamoja na bibi. Wewe mama mwenye kikapu hapo mbele unaelewa kuliko mimi. Nani kati yenu alimpa mtoto wa miaka mitatu aanzishe kitovu cha kikapu? Anapewa nyasi, atenganishe ndefu na fupi. Akiharibu, hujapoteza kitu.

Mwaka 1907, mtaa wa San Lorenzo huko Roma, daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto wa wafanyakazi maskini. Alikata herufi za karatasi ya msasa akazibandika kwenye vibao, mtoto apitishe kidole juu yake huku akitamka sauti. Watoto wa miaka minne na mitano wakaanza kuandika na kusoma bila kulazimishwa. Ninalitaja hilo kwa ajili ya wale wanaodhani nimekuja kusema nasari isiguse herufi. Sikuja kusema hivyo. Herufi ziguswe, tena kwa kidole.

Wapo waliotaka kutupatia namba kabisa. Mwaka 1931, huko Winnetka karibu na Chicago, Mabel Morphett na Carleton Washburne walipima watoto wakatoa jibu: mtoto afundishwe kusoma akili yake ikifikia umri wa miaka 6 na nusu. Ile namba ikashikwa kama sheria kwa miaka mingi, walimu Marekani wakawa wanangoja mtoto aive kama ndizi. Leo hakuna anayeitetea hivyo. Uingereza wanaanza herufi na sauti mtoto ana miaka minne na kidogo, na tangu 2012 wana kipimo cha kitaifa cha kusoma maneno kwa watoto wa darasa lao la kwanza, miaka mitano hadi sita. Finland shule yenyewe inaanza mtoto ana miaka saba. New Zealand, mtafiti Sebastian Suggate na wenzake walilinganisha watoto waliofundishwa kusoma tangu miaka mitano na wale wa shule zinazongoja mpaka saba. Walipofika miaka kumi na moja hivi, hukuweza kuwatofautisha kwa kusoma. Waliowahi hawakuwa wamepata kitu cha kudumu kwa kule kuwahi kwao.

Wasemaji wengi huishia hapo: Finland miaka saba, basi tuwaache watoto wacheze, asanteni kwa kunisikiliza. Mimi siishii hapo. Na nawaonya walimu vijana wanaotoka vyuoni na Finland mdomoni. Mtoto wa Kifini anayengoja miaka saba anangojea kwenye nyumba yenye vitabu, na maktaba iko karibu. Mtoto wetu akingoja bila kitu, anaingia P.1, darasa la kwanza la praimari, lenye watoto wengi kuliko madawati. Mwaka 1997 UPE, ule mpango wa elimu ya praimari kwa wote, ilipoanza mimi nilikuwa mwalimu wa P.1. Niliingia darasani nikakuta zaidi ya watoto mia moja, wengine wamekaa dirishani na miguu nje. Ilikuwa furaha kubwa, msinielewe vibaya, nililia siku ile kwa furaha. Lakini katika umati kama huo mtoto aliyekuja hajawahi kusikia hadithi wala kushika kitabu, mwalimu anamwona majina yakiitwa tu.

Na kuna jambo la pili kuhusu Wafini ambalo ndilo lililonileta hapa. Kifini kinaandikwa kama kinavyosemwa. Mwaka 2003 mtafiti Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee, Scotland, na wenzake walitoa matokeo ya watoto wa nchi nyingi za Ulaya, waliopimwa baada ya mwaka wa kwanza wa kusoma. Waliosoma kwa Kifini, Kiitaliano, Kihispania, Kigiriki, walisoma sawasawa zaidi ya maneno 9 katika kila 10 ya kawaida. Waliosoma kwa Kiingereza, watoto wa Scotland, walipata kama 3 na kidogo katika 10. Walitafuta kama sababu ni umri, wakaona umri hauelezi. Ni maandishi yenyewe. Kiingereza ni lugha ambayo herufi zilezile zinabadilisha sauti kila zikihama nyumba. Na hao ni watoto wanaokiongea Kiingereza tangu matiti ya mama zao!

Sasa njoo Bombo. Mtoto wetu anaongea Kinubi na bibi yake, Kiluganda na watoto wa nje, Kiswahili sokoni na kwenye kambi ya jeshi. Tunamchukua akiwa na miaka mitatu, tunamkalisha mbele ya lugha ya nne ambayo hajaisikia kwa mtu anayempenda, iliyo ngumu kuliko zote kusomeka, tunamwambia "A for apple". Tofaa lenyewe ameliona wapi? Halafu tunauliza kama yuko tayari. Hata Seymour asingethubutu kipimo hicho.

Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosemwa. Ba, be, bi, bo, bu. Mtu akishika irabu tano na silabi chache, anasoma baba, babu, bibi, bado hajamaliza wiki mbili. Kiluganda nacho kinakaribia hapo, ingawa kina mambo yake ya kurudufisha herufi. Tangu marekebisho ya katiba ya 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kisomeshwe kwa lazima praimari na sekondari. Tunangoja walimu na vitabu. Lakini nyumbani kwako hungoji baraza la mawaziri.

Hapo pia pana mtego, nami niliwahi kunaswa. Nilikuwa nafundisha Kiswahili watoto wadogo, nikachora moyo mkubwa mwekundu ubaoni, nikaandika chini yake "moyo". Msichana mmoja wa Kinubi akaangalia picha, akaniangalia mimi, akasema kwa huruma, "Mwalimu, maji hayako hivyo." Naona wazee wanacheka. Kwa wageni wetu: kwa Kinubi moyo ni maji. Mtoto yule alikuwa anasoma, anasoma vizuri mno, na kama nisingekijua Kinubi ningemwandikia kosa. Tangu siku ile, nikiingia darasa jipya, kabla sijashika chaki nauliza kila mtoto nyumbani kwao maji yanaitwaje.

Usomaji unaanzia sikioni. Hili ndilo ambalo watafiti wamekubaliana kwa muda mrefu sasa: mtoto anayesikia kwamba "mama" na "meza" yanaanza kwa sauti moja, anayeweza kuipiga makofi "ka-ra-nga" mara tatu, huyo anapofika kwenye herufi anakuta nusu ya kazi imeshafanyika. Na hilo halihitaji penseli, wala karo ya shule ya bei ghali. Zamani giza likiingia bibi zetu walikuwa wanasema "kitendawili", sisi "tega". Majirani zetu Waganda wanasema "koyi koyi", watoto wanajibu "lya". Nyumba yangu haina mlango? Yai. Tulidhani tunacheza tu hadi chakula kiive. Kumbe mtoto alikuwa anafundishwa kuligeuza neno, kulisikiliza, kukumbuka lililosemwa mwanzo mpaka lifike mwisho, kubahatisha kwa sababu. Siku hizi giza likiingia tunampa simu ili anyamaze. Halafu tunamlipia mtu pesa amfundishe kuongea.

Na mtoto wa miaka minne ambaye ukimwita kutoka nyuma hageuki, au mchezo wa sauti unampita kila siku, mpelekeni akapimwe masikio kabla hamjamwita mzito. Nimewaona wengi waliokuwa na usaha sikioni tu.

Najua mnachofikiria. Mwalimu, maneno yako matamu, lakini Januari P.1 wana intavyuu.

Ndiyo. Hapo ndipo mzizi ulipo. Sheria ya Elimu ya 2008 iliitambua nasari kuwa ngazi ya kwanza ya elimu, lakini ikaiacha mikononi mwa watu binafsi. Maana yake nasari inaishi kwa karo yako wewe, na wewe unataka kuona daftari limejaa. Mwongozo wa serikali wa watoto wa miaka mitatu hadi sita upo tangu 2005, uliandaliwa na Kituo cha Taifa cha Ukuzaji Mitaala, na una maeneo matano: kuishi na wenzake, kuyajua mazingira yake, kujitunza, lugha yake, na hesabu za maisha ya kila siku. Ni mwongozo mzuri. Nimewahi kuukuta katika nasari moja umewekwa chini ya mguu wa meza ili meza isiyumbe. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliniambia, "Madamu, nikiwachezesha kama kinavyosema hiki kitabu, mwakani sina hata mtoto mmoja."

Nami nilikaa upande wa pili wa ile meza. Sisemi shule. Mwaka mmoja nilipangwa kuwafanyia intavyuu wanaotaka kuingia P.1. Akaletwa mvulana, shati jeupe, kiatu kipya, mama yake akabaki nje dirishani. Nikamwekea sentensi ya Kiingereza. Akaniangalia. Nikamwambia soma. Nikarudia, kwa sauti ya kazini, maana nyuma yake kulikuwa na foleni. Nikasikia maji yanadondoka. Kiatu kipya kikalowa. Nikaandika kwenye karatasi yangu alama niliyotakiwa kuandika, nikaita mwingine. Nimekaa na alama ile miaka mingi. Hakuna nilichokuwa nimepima pale isipokuwa woga, na woga huo niliuleta mimi.

Walimu wa P.1 mlioko hapa: mkitaka kumjua mtoto, mwulizeni amekuja na nani na njiani ameona nini. Mwacheni aongee dakika tatu kwa lugha yoyote. Mtajua zaidi. Na zile silabi mtamfundisha ninyi, ndiyo kazi mnayolipwa. Uwezo, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kuwapima watoto, wamekuwa wakituonyesha kwa miaka kwamba wengi wa P.3 hawawezi kusoma hadithi ya P.2. Wengi wa hao mjini walipita nasari, waliimba "A for apple", walivaa joho na kofia kwenye mahafali ya topu klasi. Sina ugomvi na joho, wala na keki. Ila ukimvalisha mtu joho kabla hajasoma "baba", P.1 inampokea kama mtu aliyekwisha kusoma, inamruka.

Halafu tulipata jaribio ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulifanya. Nasari zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa Januari 2022. Karibu miaka miwili. Watoto wakaingia P.1 bila hata siku moja ya bebi klasi. Nilikwenda kuwasaidia walimu muhula ule wa kwanza, bure, maana nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani. Sina takwimu za kuwapa, nina macho yangu. Walionishinda hawakuwa wale wasiojua herufi, herufi tulizifundisha. Walionishinda ni wale waliokaa miaka miwili bila kuongeleshwa. Unamwuliza jina lake, anaangalia chini. Na kulikuwa na mmoja aliyekaa na babu yake kijijini akichunga mbuzi, hajui a wala be, lakini alinisimulia jinsi beberu alivyoingia msikitini, na nani alimfukuza, na nani alianguka, kwa mpangilio, na sauti za wote. Muhula wa pili huyo alikuwa anawasomea wenzake.

Basi, baba wa boda. Usimhamishe. Lakini nenda shuleni kwake asubuhi moja, ukae nyuma ya darasa nusu saa. Ukikuta watoto wanaongea, wanaimba, wanasimuliwa, mikono ina udongo, hapo umepata shule. Ukikuta kimya na penseli, tuonane. Akitimiza miaka mitano, silabi zianze, dakika kumi kwa siku, asipewe zaidi hata akilia. Anza na jina lake, kwa sababu ndilo neno analolipenda kuliko yote. Umeniambia pale stendi kwamba wewe uliishia P.5 na Kiingereza chako ni cha abiria. Kiswahili chako kinatosha. Unapopiga hadithi za abiria wako jioni, yule mteja aliyesahau kuku kwenye pikipiki, mtoto anakusikiliza? Nilijua. Basi hiyo ndiyo bebi klasi yake, endelea nayo, ila siku nyingine mwache yeye aimalizie.

Naona sheikh anaangalia saa, na adhuhuri inakaribia. Wenye watoto wa topu klasi msiondoke. Nimekuja na gunia dogo la vizibo vya soda, vijana wa duka la kona wamenikusanyia, na nimeandika silabi ndani ya kila kimoja kwa wino usiofutika. Kila mmoja achukue ishirini. Akina mama, wekeni vikapu chini kidogo. Wewe wa mlangoni nawe sogea. Tunaanza: nani anaweza kunitafutia "ma"?